Mkwe Aliyefundishwa Kubisha

Jovina alifeli mtihani wa Kiingereza kwa sababu ya adabu. Ndiyo, adabu. Wengine hufeli kwa uvivu, wengine kwa kuamka na homa siku yenyewe. Huyu wetu wa mtaa wa Mshangano, hapa Songea, alifelishwa na malezi mema aliyopewa na mama yake kule Lusewa. Ukitaka kucheka, cheka. Mwenyewe alikuja kucheka baadaye, lakini wakati ule, jamani, nyumba nzima ilikuwa kama imefiwa.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia Songea kwa kishindo. Mitumba imejaa sokoni, maduka ambayo zamani ulipanga foleni kupata kipande cha sabuni sasa yana sabuni za kila rangi, wanunuzi binafsi wanazunguka vijijini na malori yao wakitafuta mahindi na tumbaku. Na kila mzazi mwenye uwezo kidogo anataka mwanawe asome kwa Kiingereza. Shule za watu binafsi zikaanza kuota. Moja ikajengwa upande wetu, ikapakwa rangi ya bluu, watoto wakavishwa tai na soksi za kufika magotini, na mji mzima ukawa hauna habari nyingine.

Jovina wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Mwalimu hasa, si yule wa kukaa na fimbo akisubiri kengele. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakimfuata mpaka mlangoni kwake. Mkuu wa ile shule mpya, Mwalimu Chande, mtu mwembamba anayetembea siku zote kama anakimbia mvua, alisikia sifa zake akamfuata. Akamwambia, "Watoto wadogo nawataka mikononi mwako. Kiingereza utakipata njiani." Jovina akamwamini, akaacha kazi serikalini.

Hee! Watu walimsema mpaka wakachoka. Mtu ana kazi ya serikali, ana uhakika wa mwisho wa mwezi, anaiacha kufuata Kiingereza cha shule ya bluu? Na kazi ya serikali ukishaiacha, kurudi si jambo la kubisha hodi ukafunguliwa. Jovina alijua hivyo. Alijua pia kwamba huko njiani, alikoambiwa atakipata Kiingereza, kulikuwa na mitihani. Mitihani yenyewe ilikuwa ya madaraja matatu, la chini, la kati na la juu, na watahiniwa walisimamiwa na watu waliokuja kutoka Dar es Salaam. Asiyefika daraja la juu kabla ya kumaliza mwaka wake wa pili, basi, darasani hasimami tena. Chande alisema hivyo siku ya kwanza, akatabasamu, na hakuna aliyedhani anatania.

Daraja la chini Jovina alilipita kwa raha. Lilikuwa la maneno ya kawaida na kujaza nafasi, na yeye alikuwa akijifanyia mazoezi huku anaosha vyombo: sufuria anaitaja, mwiko anautaja, masizi yalimshinda jina akayaacha. Daraja la kati lilimtoa jasho. Alikariri insha nne nzima nzima, akaomba Mungu mojawapo iulizwe, na Mungu hakuwa mbali siku hiyo. Daraja la juu nalo, upande wa kuandika, akalimudu. Ikabaki sehemu ya kuongea.

Aliitwa chumbani akamkuta mtahini ni mzee. Mvi kichwa kizima, miwani, koti. Sasa wewe fikiria: binti aliyelelewa vizuri anaingia kwa mzee wa umri wa baba yake, mzee huyo amekaa, halafu anatakiwa amtazame machoni na kumjibu. Jovina akapiga goti kidogo, akakaa ukingoni mwa kiti, macho akayashusha magotini. Mzee akasema kwa Kiingereza, "Wako wanaosema watoto wa vijijini hawana haja ya Kiingereza. Unaonaje?"

"Yes, sir," Jovina akasema. "Uko sahihi."

Mzee akakohoa. "Lakini wako wengine wanaosema wanakihitaji sana."

"Yes, sir. Hapo pia uko sahihi."

Mzee akajaribu kila mlango. Akasema redio ni mbaya, Jovina akakubali. Akasema redio ni nzuri, Jovina akakubali kwa furaha zaidi. Mwisho mzee akavua miwani, akaisugua kwa kitambaa, akamshukuru. Jovina akatoka anatabasamu. Alidhani wameelewana sana!

Majibu yalipokuja, Chande alimwita ofisini na kumfungia mlango. "Mwalimu," akasema, "Kiingereza chako wanasema hakina shida. Wanasema tatizo ni kwamba huna maoni yako mwenyewe."

Jovina hana maoni! Mwanamke ambaye akikaa na wenzake hakuna jambo la nchi hii asilolijua dawa yake! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Watahini wangerudi mwezi wa kumi na moja, mara moja tu kabla ya mwaka wake wa pili kwisha. Akifeli tena, darasa lile anampa mtu mwingine, na yeye anarudi kulima shamba la mume wake na kusikiliza watu wakisema, si tulimwambia.

Alilia. Hakulia mbele ya Chande, alijikaza mpaka akafika chooni. Huko ndiko Evaline alikomfuata. Evaline alikuwa mwalimu mwenzake, msichana aliyehamia kutoka Moshi, mdomo mwepesi, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Jioni nyingi walikuwa wakifanya mazoezi pamoja.

"Dada Jovina, mbona mimi unanibishia mpaka nanyamaza mwenyewe?" akauliza.

"Wewe si mtoto tu? Wewe nikikubishia nini kitanipata?"

Evaline akafikiri. "Basi dawa yako si mimi. Unahitaji mzee. Tafuta mzee anayejua Kiingereza, ugombane naye kila siku mpaka uzoee."

"Nigombane na mzee! Mungu apishe mbali."

Lakini usiku hakulala vizuri, maana mzee anayejua Kiingereza alikuwepo. Tena alikuwa karibu mno. Alikuwa baba mkwe wake.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu na kugombea rimoti ya televisheni. Siku zile, na katika nyumba ya Kingoni kama ile, mkwe hakai barazani na baba mkwe. Hamtazami usoni. Akipita mbele yake huinama, na akiwa na neno la kumwambia humtuma mama mkwe, hata kama mzee amekaa pale pale na anasikia kila kitu. Jovina alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu aolewe na Emanuel, na sidhani kama yeye na mzee walikuwa wameshazungumza maneno ya kujaza kikombe. Shikamoo baba, marahaba, basi.

Na Mzee Leodegari hakuwa mtu wa kuchezewa. Alifundisha Kiingereza shule ya kati tangu enzi za wakoloni, akaendelea baada ya uhuru mpaka alipostaafu, na wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi, walikuwa wakimwona barabarani wanachomekea mashati. Kiingereza chake kilikuwa kimekaa tu kichwani hakina wa kukisemesha. Asubuhi alikuwa akifokea kuku kwa Kiingereza, na nadhani hata kuku walikuwa wameshamzoea.

Jovina akapiga moyo konde, akamwendea mama mkwe wake, Bibi Notburga, alipokuwa akichambua maharage. Akakaa chini, akachukua ungo, akaanza kumsaidia.

"Mama, nina neno kwa baba."

"Sema, mwanangu."

Akalisema. Bibi Notburga aliacha maharage, akamtazama, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Yaani unataka nikamwambie mzee kwamba mkwe wake anaomba kugombana naye?"

"Kwa Kiingereza, mama."

"Hata kwa Kijerumani! Mwanangu, unataka niachike uzee huu?"

Lakini alikwenda. Bibi Notburga alikuwa mtu wa namna hiyo, anacheka kwanza halafu anakwenda. Mzee alisikiliza, hakujibu kitu. Siku ile hakujibu, na kesho yake hakujibu, na Jovina chakula kilikuwa hakipiti. Alijiona amevunja heshima ya nyumba nzima kwa sababu ya mtihani. Alikuwa karibu kwenda kumwomba mama mkwe akayafute yale maneno, ndipo sauti ya mzee iliposikika kutoka barazani, kubwa ya kutosha kufika jikoni.

"Mama Emanuel! Mwambie huyo mwalimu hivi. Kwa Kiswahili na kwa Kingoni yeye ni mkwe wangu, na mambo yanabaki kama yalivyo. Kwa Kiingereza simjui ni nani. Ni mwanafunzi tu. Na mwanafunzi asiyejua kubisha mimi nilikuwa namrudisha kwao."

Ndivyo walivyoanza. Mzee alikaa barazani ametazama barabara, mgongo kaupa dirisha. Jovina alikaa ndani, chini ya dirisha, na kazi yake mkononi, kupukuchua mahindi au kusahihisha madaftari. Hawakuonana. Dirishani walikuwa mwalimu na mwanafunzi. Mlangoni walikuwa mtu na mkwe wake. Bibi Notburga alikaa katikati na maharage yake, haelewi hata neno moja, na hakuna siku aliyokosa.

Jioni ya kwanza mzee alisema kwa Kiingereza, taratibu kabisa, "Jua hutoka magharibi."

Mahindi yaliacha kulia kwenye ungo.

"Yes, Father," sauti ndogo ikatoka dirishani.

Mzee akashusha pumzi. "Mama Emanuel!" akaita kwa Kiswahili. "Hebu muulize huyo, kwao Lusewa jua linatokea upande gani?"

Jioni ya pili akasema walimu wanawake hawajui hesabu. Jovina, ambaye hesabu ndiyo chakula chake, alimung'unya mung'unya akasema labda. Labda! Mzee akapiga fimbo yake sakafuni. Ndipo akamfundisha namna. Akamwambia Wazungu nao wana adabu yao, tena nzuri: humkatizi mtu na humwiti mwongo. Unamwambia kwanza kwamba umeelewa anachosema, unamsifu kidogo, halafu unatia "lakini". "Baada ya hiyo lakini," mzee akasema, "piga."

Walianza na mambo madogo. Ugali wa dona na wa sembe, upi bora. Kama redio inaharibu watoto. Kama ni sawa mwanamume kubeba mtoto mgongoni. Jovina alianza kwa "lakini" nyembamba isiyosikika, ikanenepa siku hadi siku. Wapita njia wakawa wanapunguza mwendo. Na Emanuel, mumewe, dereva wa lori la mahindi la kwenda Makambako, alirudi safari jioni moja akasikia baba yake na mke wake wanatupiana maneno kwa Kiingereza. Mtu mzima na mapande yake alisimama nyuma ya mgomba, akamnong'oneza mama yake, "Mama, kuna nini humu ndani?"

"Wanasoma," mama akasema. "Nenda ukaoge."

Lakini zile zote zilikuwa bado ni nyama laini. Jovina alibisha kwa sababu alitumwa abishe, na mzee alilijua hilo. Alikuwa mwalimu wa zamani, na mwalimu wa zamani hujua mahali pa kubonyeza. Basi jioni moja, mwezi wa kumi unaelekea mwisho na joto limeshika, akaanza na habari za tumbaku.

"Mkulima wa siku hizi," akasema kwa Kiingereza, "analalamika kwamba soko huria limemtupa. Mimi naona ni uvivu. Anayefanya kazi hakosi mnunuzi."

Jioni hiyo Jovina alikuwa jikoni anasonga ugali. Akajibu kutoka huko, "Naelewa unachosema, Father. Lakini si kweli."

"Ni kweli kabisa. Nenda Namtumbo yote. Wanaolia ni wavivu na walevi."

Mzee alikuwa akichokoza tu. Hakujua amegusa wapi. Jovina alikuwa na kaka yake, Polikarp, mkulima wa tumbaku kule Lusewa, huko huko Namtumbo. Mwaka ule Polikarp alikuwa ameamka alfajiri tangu wakati wa vitalu, akapanda, akavuna, akakausha kwenye bani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, moja baada ya jingine, mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Mnunuzi mmoja binafsi alikuja na gari lake, akaisifu ile tumbaku, akaahidi kurudi wiki ijayo. Hakurudi. Tumbaku ilikaa bandani mpaka ikaota ukungu, na Polikarp, mtu asiyeonja hata ugimbi, ile pombe ya sherehe, alikaa mbele ya banda lake kimya siku nzima, mpaka mkewe akaogopa akatuma watu Songea wamwite dada yake.

Sijui Jovina alinyanyuka vipi. Mwenyewe hajui. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa jikoni akigeuza ugali, na ghafla akawa barazani, mbele ya baba mkwe wake, mwiko mkononi, anamtazama usoni. Usoni! Na Kiingereza kinatoka. Kilitoka bila kuitwa, bila insha ya kukariri. Alimweleza habari ya vitalu, na ya moshi, na ya yule mnunuzi na gari lake. Akamwambia kaka yake si mvivu. Akamwambia kaka yake ana mikono ambayo mzee akiishika ataona haya. Halafu akamalizia, "Wewe hukuwepo. Wewe ulikuwa umekaa hapa, kwenye baraza hili, unatazama barabara."

Jamani! Bibi Notburga alishika kifua. Wapita njia wawili waliosimama kusikiliza waliondoka haraka, macho chini, kama watu walioona kitu kisichoonwa.

Ndipo Jovina aliposikia alichosema. Mwiko ukamdondoka. Akapiga magoti pale pale kwenye saruji, akainamisha kichwa, na Kiswahili kikarudi kikitetemeka. "Nisamehe baba. Nisamehe. Sikujua. Nisamehe."

Mzee Leodegari alitazama barabara kwa muda, kisha akageuza uso wake kwa mkewe.

"Mama Emanuel," akasema kwa Kiswahili, "mwambie mkwe wangu ainuke, ugali unaungua. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa naongea na mwanafunzi." Kisha akaongeza, "Na mwambie salamu zangu zimfikie kaka yake kule Lusewa. Sikuwa na habari zake. Nilisema neno baya."

Bibi Notburga alianza kuupeleka ujumbe, akauacha katikati. Haikuwa na haja. Jovina alikuwa ameshaupokea, yuko magotini, machozi yanamtoka, na ndani ya kifua chake fundo alilokuja nalo kutoka Lusewa miezi kadhaa iliyopita limelegea. Usiku ule alilala fofofo. Ugali ulikuwa umeungua kweli, na wote waliula bila kusema.

Watahini walirudi mwezi wa kumi na moja kama walivyosema, na mvua za kwanza. Jovina alimkuta mzee yule yule wa mvi. Akapiga goti kidogo, lile hakuliacha wala hakutaka kuliacha, akakaa. Safari hii alikalia kiti chote.

Mzee wa mvi akapekua karatasi zake, akasema, "Baadhi yetu tunaona kwamba mwalimu aliyejifunza Kiingereza ukubwani hafai kuwafundisha watoto wadogo. Nadhani unakubali?"

Hilo nalo likawa swali! Kati ya maswali yote ya dunia! Ile "Yes, sir" ilimjia Jovina mpaka ncha ya ulimi, tamu, nyepesi, yenye adabu zote. Akaimeza. Akainua macho.

"Naelewa unachosema, sir," akasema. "Ni hoja nzuri. Lakini sikubaliani nawe."

Mzee akaegemea kiti. "Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye huyo mwalimu. Mtoto anapokwama kwenye neno, mimi najua amekwama wapi, maana mwaka jana nilikwama hapo hapo. Aliyezaliwa na Kiingereza hajui. Atamwambia mtoto, sema tu. Mimi namshika mkono namvusha."

"Na makosa yako je? Si watayabeba?"

"Watayabeba baadhi. Na mimi nilibeba ya walimu wangu, nikasahihishwa, sikufa. Mtoto haogopi mwalimu anayekosea. Anaogopa mwalimu anayecheka."

Mzee akabisha. Jovina akabisha. Mzee akatoa hoja ya Dar es Salaam, Jovina akatoa ya Mshangano. Ilifika mahali mzee akasogea mbele, viwiko mezani, naye Jovina akasogea mbele vile vile, na ungepita dirishani ungedhani wanagombea kiwanja. Mwisho mzee akatazama saa, akaandika kitu, na uso wake haukuonyesha chochote. "Asante. Tumemaliza."

Jovina akasimama. Alifika mlangoni akashindwa kutoka. Ile shikamoo ilikuwa imemkaa kooni tangu alipoingia. Akageuka.

"Shikamoo, baba," akasema kwa Kiswahili. "Naomba unisamehe."

Yule mzee akavua miwani, akacheka cheko la mtu wa nyumbani. "Marahaba, mwalimu. Marahaba. Nenda salama."

Kusubiri majibu ni kazi kuliko mtihani. Jovina alipungua mwili mpaka sketi zikawa zinazunguka. Barazani nako kulinyamaza. Mtihani ulikuwa umepita, mazoezi hayakuwa na sababu tena, na nani ataomba mkwe na baba mkwe waongee bila sababu? Mambo yalibaki kama yalivyo, vile mzee alivyosema. Jioni alikaa na kiti chake akitazama barabara, na Jovina akipukuchua mahindi huko nyuma ya nyumba. Mara moja mzee alimtuma mkewe amuulize kama anakula. Basi.

Simu ililia shuleni asubuhi moja karibu na kufunga shule. Jovina alikuwa darasani na wale wadogo, wanaimba majina ya siku, ndipo Chande alipotokea mlangoni mbio, tai imehamia begani. Alijaribu kuongea pumzi ikamkatalia. Akainua dole gumba.

"La juu?" Jovina akauliza.

"La juu! Umepita, Mwalimu! Wamesema wewe ni mbishi wa kutisha!"

Jovina akakaa kwenye dawati la mtoto, dogo hilo, magoti kidevuni, akalia mbele ya darasa zima bila haya. Ahueni ilimwagika mwilini mwake kama maji ya moto siku ya baridi. Darasa ni lake. Hakuna wa kumwambia si tulisema. Watoto walimzunguka wakiwa wameogopa, mmoja akampa leso yake iliyojaa makamasi, naye akaipokea na kujifutia, kwa furaha kabisa. Evaline alisikia kelele akaja akamrukia shingoni.

Nyumbani Bibi Notburga alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha akaenda barazani kupeleka habari inavyopasa kupelekwa. Jovina alibaki jikoni, anasikiliza.

"Baba Emanuel, mkwe wako amefaulu. Daraja la juu kabisa."

"Vizuri," mzee akasema. "Vizuri sana. Nilijua." Akapiga fimbo sakafuni mara moja, kama anapigia muhuri. Bibi Notburga alikuwa ameshageuka kurudi aliposikia anaitwa.

"Mama Emanuel."

"Abee."

"Hebu muulize. Hakuna daraja jingine juu ya hilo?"

Bibi Notburga hakumuuliza mtu. Alisimama tu mlangoni, akamtazama Jovina, na Jovina akamtazama yeye. Lo, masikini mzee. Siku zote hizi Jovina alikuwa akiwaza darasa lake, na kazi yake, na maneno ya watu. Hakuwaza hata mara moja kwamba huko nje, mgongo umeelekezwa dirishani, kulikuwa na mtu aliyekuwa akiingoja jioni.

Akafunga khanga vizuri. Akachukua kigoda cha jikoni, akapita mbele ya mama mkwe wake bila kumtuma, akatoka barazani. Akapiga goti, akakiweka kigoda pale ambapo mzee angeweza kumwona.

"Hakuna, baba," akasema kwa Kiswahili. "Yameisha yote. Kuanzia sasa itabidi tugombane bure tu."

Mzee Leodegari alimtazama mkwe wake usoni. Akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akasogeza kiti chake kidogo, kumpa nafasi.